Filimu Kumi Bora ya Dilala

Siku ya kwanza, 6 Januari 2025

Mwaka mupya, na mi nimeuanza vibaya. Jana batu bote ya kilabu balikuwa kwa Ruffin kuangalia filimu. Kwangu, zero. Hata batoto yangu balikuwa kule. Hata bibi yangu Ngalula, mama ya batoto! Nilirudi kutoka kanisa nikakuta nyumba inanyamaza na mbabula ya makala imezimika. Nilikula mukate kavu na maji, sawa mufungwa.

Niandike mambo yote hapa, ili siku moja batu bajue vile nilionewa. Sisi bapenda-filimu ya Dilala, hapa Kolwezi, tuko na kilabu. Kila mwezi wa kwanza tunachagua filimu kumi bora ya mwaka ulioisha. Mwenye kuleta ile inashika namba moja, yeye njo président, na télé kubwa ya kilabu inalala kwake mwaka muzima. Zamani ilikuwa inalala kwangu. Wee! Majirani balikuwa bananisalimia bo kwanza. Magaribi batoto bote bako mu nyumba, Ngalula anakaanga mikate, tunacheka pamoja mpaka mbavu zinauma. Sikujua kama ile njo ilikuwa furaha.

Halafu mwaka jana Ruffin akanipita kwa kura mbili. Ruffin! Fundi ya kushona, mutu hajawahi kumaliza suruali ku tarehe aliyosema. Alikuja kubeba télé na pousse-pousse, kigari ya kusukuma, chini ya mvua, na akaifunika na shuka ya kitanda yangu. Shuka hajarudisha mpaka leo.

Uchaguzi ni siku ya posho, tarehe 11. Télé lazima irudi. Lazima!

Filimu yangu ni "Mulima ya Risasi". Askari mumoja anapanda mulima, adui bamejaa kule juu sawa siafu. Filimu ya nguvu, hakuna kama hiyo. Shida moja tu: mwisho yake sijaiona. Kila mara nikiianza, askari akifika ku mulango ya pango, courant ya umeme inakatika. Ni kitu kidogo. Hakuna mutu atajua.

Siku ya pili, 7 Januari

Kampeni imeanza. Asubui nilifunga depo yangu (nauzisha viatu ya botte na torshi kwa bachimbaji) nikaenda kwa Jocelyne na sahani ya mikate ya moto. Jocelyne njo secrétaire yetu, anahesabu kura. Ni mwalimu wa shule ya primaire, mutu wa sheria mpaka ku kucha. Nilimwambia ni zawadi ya Bonana, ya mwaka mupya. Alikula mikate yote mbele yangu, bila haraka, akapangusa midomo, akasema aksanti sana tata Josias, lakini kura ni siri.

Yote! Hata moja ya njia hakuniachia.

Ku mulango nikapishana na Ruffin. Na yeye alikuwa na sahani. Kuku! Ya kukaanga, na pilipili pembeni! Mutu gani anajibu mikate kwa kuku? Heshima imekwisha mu hii Kolwezi. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama bibi yangu alifika muzima juzi, sababu njia ilikuwa na matope. Nilimujibu kwamba bibi yangu anajua kutembea.

Magaribi nilimuuliza binti yangu Abigaël, Abi wetu, polepole, sawa mutu hana haja, kama filimu ya Ruffin iko namna gani. Yeye si anashinda kule? Alisema inaitwa "Bibi ya Jenerali", mwanamuke mumoja analia kutoka mwanzo, na simu yao iko na kamba.

Simu ya kamba! Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Ile filimu haiko ya mwaka jana, ni muzee! Ruffin, nimekushika.

Siku ya ine, 9 Januari

Nimefikiri siku mbili na sasa nina mpango. Mu kilabu yetu hatuna akili kwa mambo ya mwaka. Tangu zamani tunasema filimu inazaliwa siku inafika Kolwezi. Ikifika mwaka jana, ni ya mwaka jana, hata kama ilitengenezwa babu yangu akiwa kijana. Basi, siku ya posho nitaomba sheria mupya: tusome mwaka ulioandikwa ku mwisho ya filimu, pale majina inapita. Bibi ya Jenerali atatoka nje na machozi yake yote. Mi mwenyewe naogopa akili yangu.

Lakini bado nilihitaji mwisho ya filimu yangu. Nikapanda moto, njo pikipiki, mpaka kwa Stany, ku njia ya Mashamba. Stany njo anatia filimu mu flash ya batu, karibu Kolwezi muzima. Filimu zinamufikia bila jina, zingine kutoka Lubumbashi, zingine na treni kutoka Dilolo. Yeye njo anazibatiza. Nilimuuliza askari anamaliza namna gani. Alisema hajui, yeye anauzisha tu, akianza kuangalia zote biashara itakufa. Nikamuuliza kama filimu iko ya mupya kweli. Akakasirika! Akasema tata, hii inanuka bado rangi.

Bon. Nikamuamini. Halafu alinishauri nimuue tu askari, sababu batu banapenda kulia. Si mubaya. Mvua ilininyeshea njia nzima, na muendesha moto alikuwa anaimba.

Siku ya tano, 10 Januari

Kwetu mutu haleti tu filimu. Anasimama, anaihadithia, sababu si bote baliiona. Filimu nzuri mu mudomo mubaya inakufa palepale. Njo maana leo nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Nilipanda mulima juu ya kiti. Nilipiga risasi na mwiko. Nilikufa mara ine, kila mara vizuri zaidi.

Ngalula aliingia nikiwa chini, nikitoa pumzi ya mwisho. Alinipita, akachukua mwiko yake. Akasema na yeye ameandikisha filimu kwa Jocelyne.

Nikakaa, nikachukua chai yangu, nikamuuliza filimu gani tena. "Sufuria ya Mama Mukwe", akasema. Chai ilinitoka mu pua! Ile ni filimu ya vijana ya parokia, balipiga hapahapa Dilala, na yeye Ngalula njo alicheza mama mukwe. Sijaiona. Alinialika wakati ya kuionesha, mi nilikuwa na mabishano ya maana kuhusu filimu ingine. Nilimwambia kwa upole kwamba filimu ya kweli iko na helikopta. Ndani ya ile, inaonekana, unasikia mbuzi ya jirani. Aliniangalia kidogo. Akasema, "Lala, tata Abi, kesho uko na vita."

Anaheshimu kazi yangu. Inanipa moyo.

Siku ya posho, 11 Januari

Sina nguvu ya kuandika. Lakini ukweli lazima ubaki mahali.

Tulikutana kwa Ruffin. Batoto yangu balikuwa bamekaa mbele, chini ya télé, sawa ni kwao. Ilinichoma moyo, nasema kweli. Marlène wangu mudogo alisinzia ku goti ya bibi ya Ruffin, na mi baba yake niko nyuma, arrière kabisa, karibu na sharani ya Ruffin ya kushona.

Ruffin alihadithia wa kwanza. Mwanamuke wa jenerali alilia, mama bote balilia, machozi ikanitoka hata mi. Nilisema ni moshi. Nikaenda mi. Ah, nilikuwa muzuri! Nilipanda mulima, niliingia mu pango, nikakufa na bendera mu mukono. Bachimbaji babili balisimama kupiga makofi, na mumoja ni kiliyenti wangu wa botte. Halafu bengine, halafu Ngalula. Alihadithia vile mama mukwe anaficha sufuria ili bwana yake atafute kazi. Batu balicheka mpaka kiti ya Jocelyne ikavunjika muguu. Nikasema moyoni: bacheke, kucheka haiko kura.

Lakini niliona macho ya batu ku Ruffin. Kumbe angepita tena! Nikainua mukono, nikaomba sheria mupya. Nilisema vizuri sana. Nilisema ulimwengu muzima unasoma mwaka ku mwisho, sisi tu tunasoma ku vumbi ya barabara. Bote balikubali. Ruffin pia aliinua mukono, mupole vile. Pale njo ningepaswa kuogopa.

Jocelyne akasogeza "Bibi ya Jenerali" mpaka mwisho. 1991! Kelele ikapanda. Nilikumbatia mutu simujui. Nilianza kupima kwa macho kama télé itapita ku mulango wangu bila kugonga.

Halafu Jocelyne akasema sheria ni ya bote, tata Josias, lete flash.

Nilisema haina lazima. Akasema iko lazima. Akaweka pale askari anafika ku pango. Mi nikafumba macho nikaomba courant ikatike. Mara ya kwanza mu maisha yangu! Taa haikutikisika hata kidogo. Siku zote inakatika, siku ile imekaa imara sawa kanisa. Askari akaingia mu pango. Akakuta ndugu yake. Bakakumbatiana. Halafu kukakuja harusi, askari anacheza, muzima kabisa, na suti nyeupe! Batu bakageuka kuniangalia. Kiliyenti wangu wa botte akauliza na bendera iko wapi.

Majina ikapita. 1997.

Jocelyne hakuwa na huruma. Alisoma zote. 2003. 2016. 2011. Hata ile Stany alitupatia ku Noeli, na muhuri ya "mupya" juu, ni ya 2008. Mwisho kabisa akaweka "Sufuria ya Mama Mukwe". Jina ya Ngalula ikapita, kubwa, na chini yake: Kolwezi, 2024.

Jocelyne akasimama, akasoma na sauti ya darasa. Filimu kumi bora ya mwaka 2024. Namba moja, "Sufuria ya Mama Mukwe". Namba mbili mpaka kumi, hakuna.

Présidente ya kilabu ni bibi yangu.

Siku ya Mungu, 12 Januari

Télé imerudi! Iko ku ukuta yangu! Ruffin mwenyewe aliileta baada ya misa, imefunikwa na shuka yangu, ambayo sasa iko na alama ya pasi. Niliikunja, alama ikabaki ndani. Nyumba ilijaa. Batoto balikaa ku mukeka yetu, mikate inanukia, Marlène alinipanda mu mugongo. Kweli nilifurahi. Nilifurahi mpaka ikabidi nitoke kidogo nje.

Niliporudi kiti yangu imekaliwa na présidente. Télécommande, njo rimoti, iko mu mukono yake. Nilishauri "Mulima ya Risasi", kutoka mwanzo, kwa bale hawakuelewa. Alisema sheria ni sheria, tunaangalia namba moja. Halafu akaniomba nilete maji ya bageni.

Basi nikaiona hiyo "Sufuria", nikisimama. Mvua ilianza, dari ikatonya, tukasogeza batoto na kuweka beseni. Nakubali, filimu iko na mambo. Ngalula anacheza vizuri, sikujua. Na kuko baba mumoja mule ndani, loo! Mupumbavu kabisa! Siku nzima anabishana filimu na barafiki, nyumba yake inavuja, bibi anaweka beseni, yeye anamwambia asogee anaziba sura ya mukubwa, ule shujaa ya filimu. Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Nikamuuliza Ngalula mbele ya bote, bo balitoa wapi mutu wa namna ile?

Ruffin alikohoa. Jocelyne aliangalia viatu yake. Ngalula alisema tu, "Angalia, tata Abi, haijakwisha." Beseni ilikuwa imejaa, mutoto akaenda kuimwaga.

Sijui bakawa na nini. Pengine ni wivu.

Siku ya kwanza, 13 Januari

Nimelala vibaya, lakini nimeamuka na mwangaza mu kichwa. Depo nimefunga. Nilienda kwa Ruffin. Masikini, amekaa peke yake na mashine yake ya kushona, mu nyumba inanyamaza. Nilimwambia ndugu, tulikuwa bajinga kupigana sisi kwa sisi, adui wa kweli iko kwangu na anashika télécommande. Alifikiri. Akaniuliza kama ni bibi yangu ninamusema. Nilimwambia mu siasa hakuna bibi.

Mpango ni huu, na hauna kasoro. Kama sheria inataka filimu ya mwaka huu, tutapiga wenyewe filimu ya mwaka huu. Ruffin atashona nguo ya kijeshi. Mi nitakuwa askari. Mulima tutapata ku lundo ya mchanga ya machimbo, na mwisho nitakufa, safari hii kweli, na bendera. Stany ameahidi helikopta. Mwaka kesho télé itakuwa yangu tena, ku ukuta uleule, lakini yangu.

Ngalula hajui kitu. Magaribi nitamuomba acheze mama ya askari, sababu mu Dilala nzima yeye njo anajua kucheza.