Intaneti ya Nyumba Tatu

Anuari aligundua kwamba intaneti inaweza kuuzwa bila kuwepo siku alipowaona watu wakiisikiliza dirishani.

Ilikuwa Nachingwea, kwenye duka moja karibu na stendi, lenye kompyuta pekee mjini iliyofungwa kwenye waya wa simu. Enzi hizo intaneti haikuwa kitu cha kubeba mfukoni. Ilipigiwa simu kama mtu mzima, nayo ililia kwanza, kriii, ng'ong'ong'o, kshhhh, kama paka wawili wanaogombana ndani ya debe, ndipo ikubali kufunguka. Watu wasio na haja nayo hata chembe walisimama barazani kungoja ilie, na ikishalia wakaenda zao wameridhika. Mzee mmoja alimwambia mwenzake, "Basi na mimi nimeiona intaneti," na wakati wote alikuwa ameipa mgongo.

Anuari alikuwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi zaidi. Akiulizwa kazi yake alijibu "biashara", na hakuwahi kuulizwa mara mbili na mtu yule yule, kwa sababu alikuwa ameshahama. Siku hizo moyo wake ulikuwa kwenye pikipiki nyekundu iliyokuwa ikiuzwa ng'ambo ya barabara. Kila jioni alikwenda kuifuta vumbi bila kuombwa na mtu.

Akaazima redio kaseti, akaiweka dirishani pa lile duka, akarekodi mlio mwanzo mpaka mwisho. Kwa bahati mbaya, katikati ya mlio jogoo wa jirani aliwika, na mwenye duka akafoka, "Kaimu, funga mlango!" Anuari hakuwa na kaseti ya pili. Akaifuta pikipiki vumbi kwa mara ya mwisho, akainong'oneza, "Nisubiri, mpenzi. Nafika Ruangwa mara moja."

Ruangwa kulikuwa na mtaa mmoja wenye kompyuta tatu za nyumbani. Ya Mzee Masoudi, mnunuzi wa ufuta, ilifunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu, na haikuwa imewashwa tangu Idi. Ya Mwalimu Bonifasi, mstaafu aliyefiwa na mkewe, ilitumika kutungia mitihani ambayo hakukuwa tena na wanafunzi wa kuifanya. Ya Bi Kulthumu, mwenye mgahawa, ilichezewa karata. Simu ya mezani ilikuwa moja tu, kwa Mzee Masoudi, nayo ilitiwa kufuli.

"Laini moja, nyumba tatu," Anuari aliwaambia sebuleni kwa Masoudi, sauti ya kuhubiri. "Mtachangia intaneti kama mnavyochangia kisima. Kila mtu na ndoo yake."

"Na wote tukichota kwa pamoja?" aliuliza Masoudi, mtu asiyependa kuchangia hata kivuli.

"Inapungua kasi, mzee wangu. Utamu haupungui."

"Na gharama?"

"Mimi sigusi hela ya mtu. Napokea ufuta. Gunia la kujiunga, halafu gunia kila mwezi."

Kwa kuwa Anuari hakuwa na pa kuyaweka magunia, Masoudi alimpa ghala lake bure, na chumba cha uani cha kulala. Ukarimu wa bahili una sababu zake. Masoudi alitaka mitambo ikae kwake ili yeye awe wa kwanza kuchota.

Waya zikapita juu ya nyua, zikafuata kamba za nguo. Bi Kulthumu alipoanika khanga kwenye wake, Anuari alimwambia ni vizuri, waya hautachomwa na jua. Waya zote tatu zilikwenda hadi kwenye kompyuta kuukuu ya kuazima aliyokuja nayo Anuari, nyuma ya pazia sebuleni kwa Masoudi, na hapo ndipo safari ya waya ilipoishia. Kutoka pale kwenda duniani hapakuwa na chochote ila Anuari mwenyewe.

Siku ya ufunguzi alijificha nyuma ya pazia, akabonyeza redio. Kriii! Ng'ong'ong'o! Kokorikoo! "Kaimu, funga mlango!" Kshhhh.

"Huyo jogoo?" aliuliza Mwalimu Bonifasi.

"Wa Ulaya, mwalimu. Kule ndio kwanza kunakucha."

"Na Kaimu?"

"Mkuu wa mitambo."

"Mkuu wa mitambo anatumwa kufunga mlango?"

"Mlango ukiachwa wazi, mwalimu, intaneti inavuja."

Mzee Masoudi akanyanyuka taratibu, akaenda kufunga wa kwake. Tangu siku hiyo, mlio ukisikika, mtaa mzima ulifunga milango.

Basi biashara ikachangamka. Kurasa zenyewe Anuari alizitoa kwenye santuri za kompyuta alizozinakili Nachingwea: hali ya hewa ya nchi za baridi, matokeo ya mpira ya msimu uliopita, na duka moja la Ulaya linalouza kila kitu. Barua pepe ndizo zilizomtoa jasho. Masoudi aliwaandikia wanunuzi wa ufuta Japani, na ikabidi Anuari awe Bwana Tanaka, mwenye kampuni, anayekaribia kununua lakini hanunui. Mwalimu aliandika Uswidi kutafuta rafiki wa kalamu, Anuari akawa Ingrid. Asubuhi Tanaka, jioni Ingrid. Aligundua kwa uchungu kwamba utapeli una saa nyingi kuliko ajira.

Lakini Ingrid, ukweli usemwe, Anuari alimpenda. Ingrid alimuuliza mwalimu amekula nini leo, akamkataza kulala na njaa, akamwambia vyakula vya kupika. Mwalimu akanenepa. Akaanza kupiga mluzi njiani, na watu walisema stahiki zake za ustaafu zimetoka.

Bi Kulthumu hakuandikia mtu. Alitaka kujua jambo moja tu. "Humo ndani kuna kuuziana?"

"Mama, humo ndimo lilimo soko lenyewe!" Anuari akamfungulia lile duka la Ulaya, wenzake wakiwa wanaangalia, na kwa kuwa aliona midomo imeachama, akaongeza lisilohitajika. "Hata kulipa ni humu humu. Unaandika kiasi, unabonyeza Tuma, kwisha. Malipo yanafika kabla hujanyanyua kidole."

Mdomo huponza kichwa, wahenga walishasema. Anuari hakuwa mtu wa kuwasikiliza wahenga, hawakuwa na ufuta.

Mchana mmoja Bi Kulthumu alimletea Masoudi chai. Intaneti ilikuwa imeshalia, jogoo ameshawika, na Masoudi anasoma barua ya Tanaka. Simu ikaita. Masoudi akafungua kufuli, akapokea, akazungumza na kaka yake wa Lindi habari za mbuzi, kwa kirefu, huku jicho lake likiwa bado kwa Tanaka.

Nyuma ya pazia Anuari akaganda. Kule Nachingwea mwenye duka alikuwa akimfukuza yeyote aliyenyoosha mkono kwenye simu, kwa sababu laini ya simu haibebi mambo mawili: intaneti ikiwamo simu haiiti, na simu ikinyanyuliwa intaneti inakufa. Akachungulia. Bi Kulthumu alikuwa akiitazama simu. Kisha akalitazama pazia. Chai ikafurika kikombe, ikajaa kisahani.

"Laini yenu ina nguvu," alisema.

"Ya kisasa, mama," lilijibu pazia.

Anuari hakulala vizuri. Lakini kesho yake Bi Kulthumu aliagiza chupa ya chai kutoka duka la Ulaya, na moyo wa Anuari ukarudi mahali pake. Alikwenda Nachingwea, akanunua chupa sokoni, akaifunga karatasi ya kaki, akaileta. Bi Kulthumu akalipa gunia zima la ufuta papo hapo. Gunia, kwa chupa ya chai! Akaagiza pasi. Akalipa gunia lingine, akashukuru mpaka Anuari akaona haya kidogo.

Kisha akaagiza mashine ya kusaga.

"Ya dizeli," aliliandikia duka. "Ikifika na kunguruma, nitalipa thamani ya magunia thelathini."

Anuari aliisoma ile barua mpaka macho yakamuuma. Thelathini! Aliiona pikipiki nyekundu, akajiona juu yake, akaona na mtu nyuma akimshika kiuno. Ghala lilikuwa na magunia ya miezi mingi, ya kutosha kupata mashine iliyokwishatumika. Akayauza yote. Mnunuzi alikuwa Mzee Masoudi, ambaye alinunua hata yale aliyoyatoa mwenyewe, na akalalamika kwamba ufuta wenyewe una mchanga.

Mashine ilipatikana Nachingwea, ikapakwa rangi ya kijani, ikaja na lori la kukodi. Fundi akaifunga kwenye banda la uani kwa Bi Kulthumu. Watu wakajaa. Hata mgambo wa zamu alikuwamo, na kirungu chake, na andazi. Mashine ikakohoa, ikanguruma, unga wa kwanza ukatoka mweupe kama ahadi za Anuari. Akangoja makofi yaishe.

"Sasa, mama," alisema, akiinama kwa adabu, "yale malipo ya duka."

"Yapi tena? Nimeshalipa."

"Umelipa... lini?"

"Leo asubuhi, wewe ukiwa njiani na lori. Kwa intaneti." Bi Kulthumu akafuta mikono kwenye khanga. "Niliandika kiasi, nikabonyeza Tuma. Mzee Masoudi alikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Masoudi. "Na mlango nilifunga."

"Mimi ndiye niliyesahihisha tahajia," alisema Mwalimu.

Jasho likamtoka Anuari mpaka kwenye mkunjo wa pasi. "Mama, hayajafika!"

"Umejuaje?"

Mashine ilikuwa imezimwa, na banda zima lilisikia lile swali.

"Umejuaje, mwanangu? Mimi nimelipa duka la Ulaya. Duka ni wewe?"

Anuari akamtazama Masoudi, ambaye angetaka kujua magunia yake yalikwenda wapi. Akamtazama Mwalimu Bonifasi, shati limembana tumbo kwa upendo wa Ingrid. Akamtazama mgambo, aliyekuwa amemaliza andazi na sasa mikono yake haina kazi.

Bi Kulthumu akamsogelea, akashusha sauti iwe yao wawili. "Nachingwea nimefika, baba. Kule mtu akigusa simu, intaneti inakufa. Ya kwako inaitikia hodi. Sasa chagua wewe. Kama intaneti inafanya kazi, basi nimelipa. Kama haifanyi kazi, tukae chini na hawa wazee tuzungumze."

Pikipiki nyekundu ilipita akilini mwa Anuari, na aliyeipanda alikuwa mtu mwingine.

"Imefika," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Malipo yamefika. Nilikuwa nimechanganya tarehe."

Makofi yakapigwa upya. Bi Kulthumu akatangaza kwamba Mzee Masoudi na Mwalimu watasagiwa bure mpaka msimu ujao, ujirani mwema, na wazee wale wakamwombea dua bila kujua wanarudishiwa cha kwao. Masoudi aliuliza kama na mahindi ya shemeji yanaweza kusagwa bure.

Anuari aliomba ruhusa ya kuandika barua moja ya mwisho. Nyuma ya pazia, Ingrid alimuaga mwalimu: anahamia kijiji kisicho na simu, lakini asiache kula, na Jumapili aende akale kwa Bi Kulthumu, maana mtu hanenepi peke yake. Anuari aliifuta pua kwa mkono wa shati, na huu haukuwa ujanja.

Jioni alisimama mlangoni pa mgahawa na kimfuko chake, ndani yake kaseti moja.

"Mama," alisema, "hata nauli ya Nachingwea sina."

Bi Kulthumu alikuwa akimpakulia mwalimu ugali. Hakugeuka.

"Nenda tu, mwanangu. Nauli nitakutumia kwa intaneti, ukifika muulize Kaimu. Na ukitoka funga mlango, isije ikavuja."

Anuari akaufunga.