Mama Anaumwa, Msimwite Kazini

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mama nyumbani, kama inavyotakiwa.

Mama hutandika vitanda katika hoteli moja ya Shangani. Masika haya wageni wamekuwa haba, kwa hiyo wafanyakazi wamewekwa zamu. Siku tatu za wiki kazini kwa malipo kamili, zilizobaki nyumbani kwa nusu. Bwana Kheir, meneja wao, alitamka mbele ya wote kwamba atakayeitwa siku yake ya nyumbani atalipwa siku hiyo kama kawaida. Watu wakampigia makofi.

Leo asubuhi simu ikalia. Bi Nassra, msimamizi wa Mama. Kaomba Mama apite mara moja tu, asaidie kidogo. Mama akaacha unga wa visheti vya harusi ya watu umeshakandwa, akavaa buibui akatoka. Amerudi magharibi. Hakuna malipo, kwa sababu kumbe kusaidia si kufanya kazi. Na mwenye visheti kakasirika.

Nikamuuliza kwa nini hakatai. Kasema Bi Nassra kamwambia wenzake wote wanakwenda bila kinyongo. Akikataa peke yake, wageni wakirudi atakuwa wa kwanza kusahauliwa.

Kaka yangu Haitham, anayesoma sheria chuoni na hataki tusahau, akasema hayo si mambo ya mtoto wa Kidato cha Pili.

Niko Kidato cha Tatu. Nitalishughulikia mwenyewe.

Jumanne, 29 Aprili

Skuli tunaingia mchana, kwa hiyo asubuhi ni yangu.

Mpango: asiyepatikana kwa simu hawezi kuitwa. Nimeizika simu ya Mama ndani ya debe la mchele. Ikalia huko chini mara kadhaa, kwa unyonge, kama mbu aliyefungiwa. Mama yuko uani, hakusikia kitu. Nikafungua kitabu changu kwa amani.

Bi Nassra akampigia Haitham.

Haitham akampelekea Mama simu kwa mikono miwili, kama anakabidhi kikombe cha ushindi. Mama akaenda kazini.

Jioni, akipima mchele, akakuta simu yake. Aliniangalia tu. Nikasema labda panya.

Jumatano, 30 Aprili

Leo Mama yuko kazini kwa haki. Mpango: nimkabili Bwana Kheir ana kwa ana. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Maneno yalikuwa makali lakini yenye heshima. Kioo kiliguswa sana.

Nimeingia mlango wa mbele na sare ya skuli, huku Mama yuko ghorofani. Bwana Kheir akatoka ofisini. Mtu mpole, kanzu nyeupe kama karatasi. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Baada ya hapo sikuwa na neno hata moja kichwani.

Akasubiri. Nikasubiri. Mwisho akaamua kwamba nimetumwa na madrasa kuomba mchango wa maulidi. Akaniuliza nimefika juzuu ya ngapi. Nikamwambia. Akafurahi, akaita soda iletwe.

Nimeinywa yote. Nimemshukuru mara tatu, ya mwisho nikiwa tayari njiani, peke yangu.

Najidharau. Soda ilikuwa baridi sana.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Bi Nassra kapiga simu mapema zaidi.

Mama alikuwa jikoni uani anakaanga visheti vipya. Simu iko mezani mbele yangu. Nikapokea. Nikajisikia nasema Mama anaumwa, hawezi hata kuinuka.

Bi Nassra akauliza anaumwa nini. Nikasema homa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma, nikaongeza kizunguzungu, na tumbo, na baridi ya mifupa. Akasema poleni, Mwenyezi Mungu amuafu. Simu ikakatwa.

Ushindi! Rahisi namna ile. Nikajimiminia chai.

Nimezaliwa Unguja. Nimebebwa kutazama wagonjwa tangu sijui kukaa. Mtu akipiga chafya Amani, kabla ya adhuhuri Kidichi wanamchemshia uji. Haya yote nnayajua. Na sikufikiria!

Hodi ya kwanza ilikuwa ya Bi Maisara wa chumba cha kufulia, na mfuko wa machungwa. Nyuma yake watu wa jikoni na jagi la uji. Nyuma yao wanaume, wakiongozwa na Mzee Makungu wa bustani, ambao kwa adabu walibaki barazani. Hoteli nzima. Nikasema Mama amelala.

Mama akatokea uani.

Macho mekundu kwa moshi. Uso unatiririka jasho. Akataka kuwakaribisha, akashikwa na kikohozi. Wanawake wakasema pole kwa pamoja.

"Pole ya nini?" akauliza Mama. "Mimi sijambo. Alhamdulillahi."

Wakatazamana kwa huzuni. Ndivyo wanavyosema wagonjwa wote. Hapa kwetu hata anayekata roho hajambo. Mama akaapa kwamba ni mzima. Bi Maisara akanong'ona kwamba hiyo ni subira, na subira ya namna hiyo huja maradhi yakishazidi. Akamgusa kipaji cha uso, ambacho kilikuwa juu ya mafuta ya moto tangu asubuhi, akatoa mkono kwa hofu. Kila Mama alipokanusha, hali yake ilizidi kuwa mbaya. Mwisho walimlaza kitandani kwa nguvu, wakamfunika blanketi.

Akaniangalia kutoka kwenye mto. Siwezi kuliandika lile jicho.

Nilikuwa nimesimama mlangoni naomba ardhi inimeze, ndipo mazungumzo yakageuka. Bi Maisara alisema kwamba tangu zamu zianze hawajawahi kukaa wote pamoja hivi. Kila mmoja na siku yake, hawaonani. Halafu, kwa upole, akawaomba wenzake radhi. Alisema yeye hana moyo kama wao. Kaambiwa wote wamekubali kuja bila malipo, ni yeye tu anayenung'unika.

Mwenzake wa jikoni akaweka kijiko chini. Kasema mbona na yeye kaambiwa hivyo hivyo, kwamba Bi Maisara kakubali.

Kumbe wote. Kila mmoja alikwenda kwa kuwaonea haya wengine.

Mama akainuka kitandani. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu wote walikuwa wanatazama mlango. Nyuma yangu alikuwa amesimama Bi Nassra, na machungwa yake mkononi. Amesikia.

Nilidhani atageuka. Akavua viatu, akakaa mkekani na wenzake.

"Na mimi niko nusu mshahara," akasema. "Siku za nyumbani sizijui, nnakwenda kila siku. Nikimuuliza Bwana Kheir, hunambia wasimamizi wa hoteli nyingine hawana maneno. Nikawa nakuambieni namna ile ile nnayoambiwa."

Mama, yule mgonjwa, akamsogezea uji.

Habari ilishapenya dirishani mpaka kwa wanaume barazani. Hapo akafika Bwana Kheir. Asingeweza kutokuja. Asiyetazama mgonjwa husemwa hata wageni waje waondoke. Alikuwa na tende. Alipokuta wafanyakazi wake wote, wanaume barazani na wanawake ndani, akauliza hotelini kabaki nani. Mtu mmoja akasema labda mlinzi.

Mzee Makungu akampisha nafasi, katikati, na Haitham akamtilia kahawa.

"Tumemuona mgonjwa, Bwana Kheir," akasema. "Maradhi yake ni ya kuitwa siku za nyumbani bila malipo. Tumeulizana, na sisi sote tunayo."

Bwana Kheir akatazama kahawa yake. Huwezi kugomba kwenye nyumba ya mgonjwa. Wala huwezi kuondoka na kikombe kimejaa, na Haitham alikuwa anakijaza kila kikishuka. Hiyo ndiyo kazi pekee ya sheria aliyoifanya mwanasheria wetu leo. Kaifanya vizuri, nakiri.

Bwana Kheir alikunywa kahawa nyingi sana. Mwisho akasema kesho baada ya sala ya Ijumaa atakuwa na neno, na kila mtu awepo.

Usingizi hautakuja. Kama neno lenyewe ni kuwafukuza, mwenye kosa ni mimi.

Ijumaa, 2 Mei

Mama kaondoka kimya. Nimekaa dirishani na kitabu, sikugeuza ukurasa.

Karudi. Kakaa kitako ukumbini, kavua mtandio, kaanza kucheka. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Bwana Kheir kasema mbele ya wote kwamba kila anayeitwa atalipwa siku hiyo kamili, na zile zilizopita zitalipwa kwa ushahidi wa Bi Nassra. Anayekataa asiogope kitu. Na Bi Nassra kapewa siku za nyumbani kama wenzake. Kaenda kulala.

Nikala machungwa manne.

Kisha Mama akaniita. Naam, nikasema, kwa sauti ndogo.

"Mungu katusitiri, Badria," akasema. "Ukitaka kunisaidia tena, nambie kwanza. Usimseme mtu neno ambalo halipo."

Nikamuahidi. Kwa moyo wote.

Jumamosi, 3 Mei

Mwanapili, binti wa shangazi yetu, kapiga simu kutoka Paje. Yuko jikoni katika hoteli moja ya huko. Wao pia wamewekwa zamu, na yeye pia huitwa kusaidia kidogo. Alikuwa karibu kulia. Nikamwambia asihofu, mambo haya nina uzoefu nayo.

Sikumwambia Mama. Ahadi ilikuwa juu ya kumsaidia yeye. Mwanapili ni mtu mwingine.

Nimetafakari. Kosa la Alhamisi lilikuwa udogo. Ugonjwa huleta watu wa hoteli moja tu, na Paje hoteli zimepangana ufukwe mzima. Wote wangekaa pamoja wakaulizana kama ingekuwepo harusi.

Kwa hiyo nimepiga simu hoteli ya Mwanapili, kwa sauti ya mama mtu mzima, nikatangaza kwamba anaolewa Jumapili ijayo na wafanyakazi wa hoteli zote za Paje wamealikwa. Mpokea simu akapiga vigelegele. Akauliza bwana harusi ni nani.

Sikuwa nimefika huko. Nikasema Haitham.

Simu yake inalia ukumbini.