Magome ya Yeyo na Kiti cha Hafidha

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Meru haionekani tangu jana. Kiti cha Hafidha bado kitupu, siku ya tisini na moja. Wakati wa chai Muzammil, mwenzetu wa kompyuta, amekikalia tena. Nimemwambia kina mguu mbovu. Akasema hakina. Jioni nimelegeza skrubu.

Habari mbaya: Hafidha ana mpaka Ijumaa kuamua kama atabaki Morogoro, alikoazimwa tangu Machi, moja kwa moja au atarudi maabara yetu. Mkuu wa maabara kaniambia hivyo huku anatafuna karanga. Miaka mitatu tulikaa meza moja, yeye akisoma grafu za spektromita, mimi nikiosha vichupa vyake na kujifanya natafuta dawa ya malaria. Sikuwahi kumwambia neno. Sasa nitamwambia kwa ugunduzi. Hafidha hawezi kuiacha grafu ambayo hajaielewa.

Nimempigia Yeyo, mama yangu, huko Nduruma. Shikamoo, marahaba, habari za ng'ombe. Nikaomba magome ya olkiloriti, mti ambao kwetu hutiwa kwenye supu. Mwaka jana alininyima, akasema dawa si ya kuchezea kwenye mashine. Kwa hiyo leo nimemwambia naumwa tumbo. Akauliza ninakula nini huko Sombetini. Nikajisikia vibaya, kama dakika mbili hivi.

Jumatano, 11 Juni

Magome yamefika! Kaleta Anyesi, mama muuza maziwa. Makavu, yamefungwa kwenye kipande cha khanga. Nimeandika daftarini: rangi, kahawia iliyokolea, harufu, ya kutia njaa. Mti wa ajabu huu.

Nimesaga, nimeloweka kwenye spiriti, nimechuja, nimeweka kwenye spektromita, mashine inayopitisha mwanga kwenye dawa na kuchora vilele. Loo! Kilele kwenye 1745, kirefu, chembamba, hakimo kwenye chapisho lolote la olkiloriti nililosoma. Muzammil akachungulia, akauliza kama magome yalikuwa safi. Wivu tu. Nikamwambia ashughulike na kompyuta yake.

Baada ya saa moja nikamhitaji. Ndiye mwenye nywila. Nikachora molekuli inayoweza kutoa kilele kile, kwa kukisia, nikaiongezea pete mbili za atomi ipendeze. Kompyuta ikaijaribu kwenye protini ya kimelea cha malaria, ikatoa alama hasi kumi na moja. Hasi kubwa ndiyo nzuri, na hapa haijawahi kutoka kubwa hivyo. Muzammil akasema kompyuta huamini chochote unachoichorea. Nimemtumia Hafidha grafu na alama, na maneno matatu: njoo uone mwenyewe. "Nakukumbuka" niliiandika mara nne, nikaifuta mara nne.

Alhamisi, 12 Juni

Hafidha hajajibu. Amesoma, tiki za bluu tangu saa tatu asubuhi. Nimekaza skrubu za kiti, nimekifuta vumbi. Kisha nimekikalia kidogo, nione alichokuwa akikiona akikaa pale. Dirisha, sinki, na mimi. Sidhani kama kuna cha kumrudisha mtu hapo, labda dirisha.

Ijumaa, 13 Juni

Amepiga simu. Sauti ileile. Akauliza jambo moja tu: magome yalichemshwa kabla? Nikasema haiwezekani. Akasema kwa upole kwamba kilele kile ni mafuta, tena yanafanana na ya mnyama, niulize nyumbani kisha nimpigie.

Nimemuuliza Yeyo. Akashangaa. Mama gani atampelekea mwanawe mgonjwa, asiye na mke wala sufuria ya maana, magome makavu hivihivi? Alichinja mbuzi, akachemsha magome na mifupa kutwa nzima, akayaanika, ili mimi nitie maji ya moto ninywe. Alikuwa yule mbuzi mwenye doa jeupe, aliyemfuga kwa ajili ya siku nitakayoleta mchumba. Akauliza tumbo linaendeleaje. Nikasema afadhali.

Nimempigia Hafidha, nimemweleza yote, hata uongo wa tumbo. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu Machi sijasikia kicheko kile, nikabana simu sikioni nisipoteze hata kidogo. Halafu akasema alisaini Morogoro tangu Jumanne, kabla ya grafu yangu. Akaniomba nimsalimie Yeyo na kumpa pole ya mbuzi. Inauma, hapa chini ya mbavu. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi, 14 Juni

Meru imejitokeza asubuhi, nikatulia, nikafikiri kisayansi. Amesaini, sawa. Lakini siku tisini na nne hakuna simu; pakaingia mafuta ya mbuzi, simu ikaja, na kicheko juu yake. Hayo ni matokeo. Na matokeo lazima yarudiwe, hata Muzammil hawezi kulipinga hilo.

Nimempigia Yeyo. Nimemwambia tumbo linauma tena, na safari hii bora achinje kondoo. Mafuta ya kondoo Hafidha hajawahi kuyasoma.