Vikapu Arobaini vya Ijumaa

Katika mtaa ule wa maofisi ungeweza kununua sefu ya chuma, wigi, muhuri wa kampuni na suti ya harusi, vyote kabla ya saa nne asubuhi. Nyanya hungepata. Kulikuwa na mabenki yanayotazamana, mawakili waliobanana kila ghorofa, na mgahawa mmoja uliouza chai kwa bei ya kukufanya uinywe kwa adabu. Lakini kitunguu, kabichi, hata fungu la mchicha, hakuna. Hakuna aliyeishi pale. Watu walikuja asubuhi, wakaondoka jioni, na walipofika kwao soko lilikuwa limeshafungwa.

Tai aligundua hilo Jumatatu moja, akiwa amesimama nje ya jengo la bima akitafuta riziki, yaani akitafuta mtu. Mwanamke aliyevaa viatu virefu alitoka akamuuliza mlinzi wapi karibu angepata vitunguu. Mlinzi alicheka mpaka akashika kofia. Tai hakucheka. Alihisi vidole vikimwasha.

Waliomfahamu walimwita Tai, na hawakufafanua kama ni kwa sababu ya kile alichovaa shingoni au yule ndege anayezunguka juu ya mzoga. Kesho yake aliingia mapokezi ya jengo lile akiwa na kikapu kilichojaa mpaka juu: nyanya zinazong'aa, karoti na majani yake, giligilani iliyonukia mpaka kwenye lifti. Alimweleza dada wa mapokezi kwamba anatoka shamba la marehemu baba yake, ambaye saa hiyo alikuwa mzima kabisa, anakula chakula cha mchana. Kila Ijumaa saa saba, alisema, kikapu kama hiki kitamfikia kila mwanachama hapa hapa chini. Sharti ni moja tu, kulipia mapema, maana shamba halilimwi kwa ahadi.

Dada wa mapokezi alifurahi kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu ghorofa kwa ghorofa kuwaita watu washuke. Wa kwanza kulipa alikuwa wakili mmoja mwenye kitambi, aliyenusa giligilani akafumba macho kama mtu aliyesikia sauti ya mama yake. Kufikia saa tisa, watu arobaini walikuwa wamelipa na majina yao yamo kwenye daftari la dada. Tai, kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba, akamwachia dada kile kikapu cha mfano kama asante.

Ukarimu ule ndio uliomponza. Dada alipofika nyumbani akaanza kumpikia mama yake, alitoa nyanya za juu, akakuta chini yake magazeti yaliyokunjwa na nusu tofali.

Alikaa jikoni akiwa na tofali mapajani. Kwenda polisi kungemletea maelezo marefu, na pesa zingekuwa zimeshavuka mpaka. Na watu arobaini wasingemtafuta Tai. Wangemtafuta yeye aliyewaita. Kazi ile alikuwa nayo miezi minane tu, na mama yake na wadogo zake wawili walikula kutokana nayo. Alilia kidogo, akapika nyanya zilizokuwepo, na asubuhi akampigia Tai simu, kwa namba aliyoiacha kwenye daftari, kwa sauti ya mtu anayeleta heri.

Alimwambia kwamba Mkurugenzi wa ghorofa ya tisa amesikia habari za vikapu. Anataka kuwaandikisha wafanyakazi wa matawi yote, watu mia tatu, na kampuni italipia mwaka mzima kwa mkupuo. Tatizo lake, dada alisema, ni kwamba haamini maneno. Ijumaa atashuka mwenyewe aone vikapu arobaini vikigawiwa, na ana tabia ya kupekua mpaka chini.

Tai alikuwa ameshakata tiketi ya kuhama mji siku ya Alhamisi. Aliitazama tiketi, akawafikiria wale mia tatu, akaichana.

Ijumaa alfajiri alikuwa sokoni, amekunja mikono ya shati. Alichagua nyanya moja moja. Aligombana na muuza mboga kuhusu mchicha ulionyauka, akamwambia hiyo ni dhulma kwa wateja, na aliyasema hayo bila aibu. Pesa zote alizokusanya ziliisha, akaongezea za mfukoni mwake, kisha akakodi pikapu.

Saa saba kamili vikapu vilipangwa mapokezi. Dada aliita majina, watu wakashuka, wakachukua, wakamshika Tai mkono. Mwanamke mmoja alimwombea maisha marefu. Tai alikaa kwenye kiti cha wageni akinyoosha tai yake, akitazama mlango wa lifti. Kikapu cha mwisho kiliondoka. Lifti haikuleta mkurugenzi.

"Dada, bosi vipi, anashuka?"

"Bosi gani, kaka?"

"Wa ghorofa ya tisa."

Dada alifunga daftari taratibu. "Jengo hili lina ghorofa nane."

Tai aliinuka kwenye kiti cha wageni.

"Lile tofali lako ninalo," dada aliendelea kwa sauti ya chini, huku akimtabasamia mgeni aliyekuwa anaingia. "Mlinzi naye ameliona. Lakini watu wamepata walicholipia, kwa hiyo mimi na wewe tumemalizana. Nenda salama."

Tai alitoka akavuka barabara, akainua shingo, akahesabu. Nane. Akahesabu tena kuanzia juu. Mtu wa kazi yake hutazama mikoba, hana muda wa kutazama maghorofa.

Bado alikuwa ameinua shingo wakili mwenye kitambi alipomfikia, anahema, kikapu begani. Alisema tangu aanze kazi mtaa ule hajawahi kuona karoti kama zile. Akamtia noti mkononi.

"Hii ya wiki ijayo. Ila uongeze vitunguu saumu, kaka. Mke wangu hapiki bila hivyo."

"Sawa, mheshimiwa," Tai alijibu, kwa mazoea tu.

Akaikunja noti akaondoka haraka, kama anavyoondoka siku zote. Alikuwa ameshafika mwisho wa mtaa alipojikuta anawaza ni muuza mboga yupi pale sokoni mwenye vitunguu saumu vizuri.