Nyutroni Mbili Maktabani

Jumatatu, 4 Machi
Mkutubi wa shule yetu atanijibu Ijumaa kama amekubali posa yangu. Mimi, mhudumu wa maabara, chakula hakipiti. Nimeshinda maktabani. Jua linapita dirishani, vumbi linaelea juu ya vitabu, nami naelea nalo. Nikasogeza kiti karibu yake. Akasogeza chake mbali. Nikasogeza tena. Akahamia kwenye kabati la kamusi!

Jumanne, 5 Machi
Nimemlilia shemeji, mume wa dada, anayefundisha fizikia. Hakuinua hata kichwa. Akasema ndivyo zilivyo nyutroni. Hazina chaji, kwa hiyo umeme hauzigombanishi, na zikiachiana nafasi kidogo zinavutana. Zikibanwa mno zinasukumana, maana mbili zenye hali ile ile haziwezi kukaa mahali pamoja, labda moja izunguke kinyume. Akanishauri nirudi nyuma kidogo. Hapo sikuwa namsikiliza tena. Nilishadaka neno lake: kinyume.

Jumatano, 6 Machi
Nimekaa kinyume. Mgongo kwa mgongo, viti vimegusana. Akigeuka kulia, nageuka kushoto. Nikaona tunazunguka taratibu ndani ya kitu kidogo kisichoonekana, chetu wawili. Akauliza kama nimenuna. Sikujibu, nisije nikaharibu mzunguko. Mara mwalimu wa jiografia, yule mwenye maneno matamu, akasimama mlangoni na kumchekesha. Mlangoni! Roho imeniuma sana.

Alhamisi, 7 Machi
Shingo imekakamaa kwa kugeukageuka. Nimebaki maabara. Mchana tumeonana kupitia madirisha, yeye kule, mimi huku, ua katikati. Amenipungia mkono. Ametabasamu mpaka nikamwaga maji ya bika kwenye viatu. Sijui kimemfurahisha nini.

Ijumaa, 8 Machi
Amekubali! Anasema jana alinikumbuka, na hilo ndilo lililomwamulia. Ombi lake ni moja tu: nisimbane. Anataka kupumua, anapenda kunitazama nikiwa ng'ambo ya ua. Machozi yamenitoka kwa furaha. Nimemwambia nimeelewa kabisa.

Jioni nimepanga chumba kinachopakana na chake. Nimegonga ukuta kumjulisha. Nimesikia akiburuta kitanda kwenda ukuta wa mbali. Kesho nitamwomba mwenye nyumba atoboe mlango.