Mita Iliyomhamisha Mke Wangu

Kwa Meneja,
Ofisi ya Maji ya Kanda.

Ndugu Meneja,

YAH: MWENENDO MBAYA WA MITA YA MAJI ILIYOFUNGWA NYUMBANI KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba bomba la ofisini kwako linatoa maji. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo sikuwahi kumwadhibu mwanafunzi kabla ya kumsikiliza. Ndiyo maana nimeisikiliza mita yenu kwa miezi minne kamili kabla ya kuileta mbele yako.

Kwa kifupi: mita yenu ina ujanja, bili inapanda, na mke wangu amehama. Sasa nitaeleza kwa urefu.

1. Miezi minne iliyopita mafundi wenu walikuja kung'oa mita yetu ya zamani. Sikuwa na ugomvi na ile ya zamani. Kioo chake kilikuwa na ukungu, na msomaji wenu wa wakati ule alikuwa akiinama, anakuna kidevu, anatazama juu kidogo, kisha anaandika uniti nane. Kila mwezi nane. Nane ilikuwa kama mtu wa nyumbani. (Kwa faida ya wasaidizi wako walioajiriwa karibuni, uniti moja ni lita elfu moja.) Mita mpya, yenye kioo kinachong'aa, ikasema tisa mwezi wake wa kwanza tu. Najua utasema uniti moja si kitu. Ndugu Meneja, dalili ya mvua ni mawingu.

2. Mtu asiye na elimu angepiga kelele. Mimi nilichukua ndoo. Ni ndoo ya lita ishirini, nami nimeichora mstari kwa rangi ya kucha ya mke wangu, mahali hasa lita ya ishirini inapoishia. Jaribio lenyewe ni rahisi, na ningependa ofisi yako ilijue: unasoma mita, unafungua bomba la uani, unajaza ndoo hadi mstarini, unafunga, unasoma tena. Ukitoa namba ya kwanza kutoka ya pili unapata lita ambazo mita inadai zimepita. Lakini kipimo kimoja ni uvumi. Vipimo vitatu ni ushahidi. Vipimo kumi ndiyo elimu. Kwa hiyo nilijaza ndoo kumi kila siku saa mbili asubuhi, mke wangu akishaondoka kwenda kwenye cherehani yake. Baada ya kila kipimo nilimwaga maji mtaroni, mbele ya nyumba, kwa sababu maji ya jaribio yakirudi kutumika ndani yatavuruga hesabu. Hili nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la saba.

Matokeo yake yalinishtua. Mita ilisema ishirini. Ndoo ya pili, ishirini. Ndoo ya kumi, ishirini, bila kukosea hata kijiko. Na mwisho wa mwezi, mita hiyo hiyo ikaleta uniti kumi na tano.

3. Hapa ndipo nilipoanza kuielewa tabia yake. Ndugu Meneja, umewahi kusimamia darasa? Kuna mtoto ambaye mwalimu akiwepo amekaa wima, mikono juu ya dawati, macho ubaoni. Mwalimu akitoka tu, madirisha yanavunjika. Mita yenu ni mtoto huyo. Nikiitazama, ni ishirini kwa ishirini. Nikigeuka, inakimbia. Nimewahi kuketi mbele yake juu ya kigoda kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, mabomba yote yakiwa yamefungwa, na haikusogea hata unywele. Mtu mwaminifu hakai kimya kiasi hicho.

Nilimweleza haya yule binti yenu anayesoma mita. Ni binti mwenye adabu, naomba asihusishwe na lawama hizi. Alinisalimu vizuri, akainama, akasema, "Mwalimu, leo ni kumi na tano."

Nikamwambia, "Binti yangu, hebu rudia."

"Nimerudia, Mwalimu. Hata nikiimba, ni kumi na tano. Kuna bomba linalovuja?"

"Hakuna. Nimekagua yote."

"Basi mnatumia."

"Tunatumia kwa jambo gani? Tuko wawili tu, na watoto walishaoa na kuolewa."

Akafunga daftari lake. "Mwalimu, mimi nasoma mita. Watu siwasomi."

Sikumwonyesha ndoo. Siku za yeye kuja huwa naificha chini ya kitanda, ili mita isihisi kwamba kuna uchunguzi unaoendelea.

4. Kwa kuwa mita ilishazoea saa zangu, mwezi wa tatu niliongeza ndoo kumi nyingine saa tisa alasiri. Chuma hupanuka kwa joto, na inawezekana mita yenu ni mkweli asubuhi na mwongo mchana. Haikuwa hivyo. Mchana nao ilisema ishirini, kwa uso mkavu kabisa.

Sambamba na hilo, nilianzisha utaratibu wa kubana matumizi ndani ya nyumba. Nilibandika ratiba kwenye mlango wa bafu: mtu mzima, lita kumi, mtu mzima anayeosha nywele, lita kumi na mbili, kwa taarifa ya siku mbili kabla. Vyombo vioshwe kwa karai moja. Daftari likatundikwa kwa kamba jikoni ili kila atumiaye maji aandike saa, kiasi na sababu. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kutia sahihi.

Matunda ya juhudi hizo? Uniti kumi na tisa. Tunaoga kama paka, bili inapanda kama moshi. Niambie, Ndugu Meneja, ni sayansi gani hiyo?

5. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mke wangu ni mtu mvumilivu. Tumeishi pamoja miaka thelathini na minane na amenisikiliza nikieleza mambo mengi ambayo hakuuliza. Lakini asubuhi moja alikuwa amenawa uso, anataka kwenda kazini, nami nikamkumbusha kwa upole kwamba hajajaza daftari.

Akasimama, maji yanamdondoka kidevuni. "Hata kunawa uso niombe kibali, mume wangu?"

Nikamjibu kwamba kibali hakihitajiki, sahihi tu inatosha.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikwenda chumbani, akakunja nguo zake nne, akachukua na mkasi wake wa kushonea, ule mkubwa ambao hauachi nyuma akienda kulala popote zaidi ya siku mbili. Mlangoni akaniambia, "Mita yako ikishajua kupika, niiteni nije nijifunze." Akaenda kwa dada yake, mitaa miwili kutoka hapa, kwenye nyumba yenye kisima. Huko, nasikia, anaoga mara mbili kwa siku, na mara ya pili hana hata sababu.

Leo ni siku ya thelathini na tatu.

Sitaki kukuchosha na mambo ya nyumbani, lakini barua ya malalamiko isiyotaja hasara haijakamilika. Nimeunguza maharage mara tano. Redio naiwasha mapema ili nyumba isisikike ilivyo kimya. Nina daftari la maji lenye kurasa kumi na moja za sahihi yangu peke yangu.

6. Na bado, Ndugu Meneja, na bado! Baada ya yeye kuondoka niliongeza ndoo kumi za saa sita mchana, kwa kuwa sasa sina wa kumpisha uani. Ndani ya nyumba anabaki mtu mmoja, tena mzee, tena mwenye kuoga lita kumi. Mita ikasema ishirini na moja! Binti yenu mwenyewe aliguna.

Kutokana na hayo nilihitimisha kwamba mke wangu hana hatia. Mtu hawezi kutumia maji akiwa mitaa miwili mbali. Sikukawia, nilikwenda hadi kwa dada yake kumpelekea pongezi. Shemeji alinizuia mlangoni, akaingia ndani na ujumbe wangu, akatoka na jibu. "Anasema ahsante kwa kumwachia huru," akaniambia. "Anasema hakujua kama alikuwa mshtakiwa."

Nikamwomba Shemeji aniruhusu nieleze mwenyewe. Akaniambia, "Shemeji, wewe ukieleza, jua linatua. Rudi nyumbani."

7. Athari zimeanza kuwagusa hata majirani, na nalitaja hili kwa haki tu. Mtaro wa mbele ya nyumba yangu, ambao tangu tuhamie hapa ulikuwa mkavu, sasa una bata kumi na wanne wa jirani. Wanafika saa mbili, saa sita na saa tisa, hawachelewi. Jirani amenishika mkono akaniambia, "Mwalimu, bata wangu wanakuombea maisha marefu." Bata silalamikii. Wana nidhamu kuliko mita yenu.

8. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yote kwa pamoja, kwa sababu moja bila jingine halitafaa.

Kwanza, nifungiwe mita ya pili, iichunge ya kwanza. Halafu nifungiwe ya tatu, ili hizo mbili zikigombana kuwe na msuluhishi. Iwapo zote tatu zitaungana kunidanganya, nitaomba ya nne kutoka ofisi ya kanda nyingine, isiyo na undugu nazo.

Pili, mita ya sasa ihamishwe kwa muda kwenda nyumbani kwako, Ndugu Meneja, ikae na wewe mwezi mmoja. Sikuombei mabaya. Nataka tu siku moja unawe uso asubuhi ukiwa na hofu.

Tatu, nalo ndilo kubwa, ofisi yako imwandikie mke wangu barua rasmi, yenye nembo na mhuri, ikisema kwamba kosa lote ni la mita, kwamba mumewe alifanya uchunguzi wa kina, na kwamba anaweza kurudi. Maneno yangu ameyazoea. Mhuri hajauzoea. Barua ikiwa na mihuri miwili nitashukuru zaidi. Anuani yake ya sasa ni kwa dada yake, nyumba ya kisima. Hata tarishi mgeni ataiona.

Hayo yakitimizwa, niko tayari kulipa uniti zangu nane kama zamani, bila kinyongo.

Nisalimie wote hapo ofisini: mama wa dirisha la malipo anayesema "anayefuata" hata foleni ikiwa na mtu mmoja, mlinzi wa getini, mafundi wenye spana, na binti msoma mita, ambaye namtakia macho mazima. Wasalimie na wa nyumbani kwako, nao waoge salama.

Ni mimi mteja wako, ambaye bado ninapima,

Mwalimu Mstaafu,
nyumba yenye geti la kijani.

Nakala: Mke wangu, kwa dada yake.

Nyongeza:

Ndugu Meneja, kabla ya kufunga bahasha kuna jambo limetokea, nami si mtu wa kuficha matokeo.

Kwa kuwa mke wangu ametajwa, niliona ni adabu nakala yake imfikie kwanza. Imemfikia. Ameileta mwenyewe, kwa miguu yake, saa moja iliyopita. Ameisahihisha kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari. Pembeni ya lalamiko la pili ameandika: "Onyesha njia."

Amekaa mbele yangu, akaniambia kwamba miezi yote hii alidhani najaza ndoo moja, kisha naimimina kwenye pipa la kufulia. Halafu akauliza, "Mume wangu, hizo ndoo thelathini za kila siku, maji yake analipa nani?"

Nikamwambia hayo ni maji ya sayansi.

"Sayansi ina mita yake?"

Nimechukua karatasi. Ndoo thelathini kwa lita ishirini ni lita mia sita. Kwa siku thelathini ni lita elfu kumi na nane, yaani uniti kumi na nane. Ukiziondoa kutoka ishirini na moja, zinabaki tatu, ambazo ni zangu za kuoga na za kulowekea sufuria. Nimerudia hesabu mara kumi, Ndugu Meneja. Mara zote kumi ni hivyo.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko namba moja hadi saba, pamoja na maombi ya mita za ziada. Kuhusu ile barua yenye mhuri, usimwandikie yeye tena. Niandikie mimi. Fundi wako akiipima mita akaikuta imekosea japo lita moja, lita moja tu, anitumie kwa maandishi, nami nitaitunza.

Mke wangu ameingia bafuni nilipokuwa kwenye aya ya tatu ya nyongeza hii. Ratiba ya mlangoni ameing'oa, akaniwekea mezani nimalizie kuandikia upande wa pili, na ndiyo hii unayoisoma. Maji yanamwagika huko ndani hadi sasa, tena kwa nguvu, na anaimba. Kutoka nilipokaa naiona mita dirishani inavyozunguka. Sijanyanyuka kwenda kuisoma.