Kobe Alilia Kisimani

Jumatatu, 3 Machi

Leo siwezi kunyamaza. Mke gani angenyamaza? Mume wangu (mume wangu! bado naliandika kwa raha neno hili) ndiye Kobe Mzee. Si mzaha. Katuni zenyewe huchorwa huko mbali, kisha studio ya hapa huingiza sauti za lugha yetu, na katika Binti wa Taa, Sehemu ya Pili, sauti ya yule kobe mkubwa anayebeba kijiji mgongoni ni ya laazizi wangu. Sauti ileile inayoniuliza asubuhi kama chai imeiva.

Katika Sehemu ya Kwanza sauti ya Kobe ilikuwa ya mzee mwingine, sasa amestaafu. Kumbe watoto walimpenda. Kumbe wazazi wao zaidi.

Leo nimefungua ukurasa wa mashabiki nikitegemea pongezi. Ole wangu! Mmoja analalamika kwamba Joka la Barafu limekuwa laini, mwanawe alilala lilipotokea. Mwingine anasema taa ya Binti siku hizi inawaka hata ndani ya maji, kwa hiyo hofu iko wapi? Hayo sawa. Lakini Kobe! Eti anaongea kama mtu aliyebanwa vidole na mlango. Eti warudishiwe babu yao wa Sehemu ya Kwanza.

Mbaya kuliko wote ni mmoja anayejiita Bibi Miwani. Hatukani. Afadhali angetukana. Ameandika kwa adabu kwamba Kobe huyu anaiga mwenzake, tena anameza mwisho wa maneno kama mtoto anayewahi kwenda kucheza. Mashabiki wote wamemshangilia. Huyo akisema, wamesema.

Na msimamizi wa sauti pale studio huusoma ukurasa huo kila siku. Mwisho wa wiki anachagua sauti za Sehemu ya Tatu.

Nimemtazama mume wangu akisukutua kwa maji ya chumvi. Kisogo kile! Nimeapa moyoni. Kobe habadilishwi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umekamilika. Kama mashabiki wazuri hawapo, watengenezwe.

Nimezaa mashabiki watatu ukurasani kabla ya chakula cha mchana. Fundi Saa, mtu makini, maneno machache. Mama Pacha, mwenye huruma. Na Babu Mpenda Katuni, mkali, kwa ajili ya vita. Fundi Saa ameandika kwamba sauti ya Kobe ni tamu, jamani moyo wangu! Mama Pacha ameongeza kwamba pacha wake wamekataa kulala bila sauti ile, jamani moyo wangu! Babu amemwambia Bibi Miwani apeleke hiyo miwani kwa fundi, na masikio yake ayapeleke hukohuko.

Babu ananipendeza. Ana ulimi.

Jioni nikampigia simu mama mkwe, maana tangu harusi hatumalizi siku bila kusalimiana. Nikammwagia yote kuhusu mbaya wetu Bibi Miwani. (Kuhusu Babu sikusema, mama ni mtu wa heshima zake.) Akakohoa. Akasema labda mtu huyo ana lake la kweli. Mtoto wangu huyo, akasema, hata alipotumwa dukani akiwa mdogo alimeza mwisho wa maneno, akarudi na sabuni badala ya sukari. Tukacheka. Nikamweleza jinsi mume wangu anavyofanyia mazoezi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili sauti isirudi kutoka ukutani, na mimi nimekaa nje ya mlango nikimsomea maneno ya Binti. Nikamwambia hilo ni siri yetu, hata studio hawajui. Mama akauliza kwani humo kabatini anapumua vipi.

Mama mwenye upendo! Wengine wamepata wakwe wa kuwakimbia.

Jumatano, 5 Machi

Kikwazo. Shabiki mmoja, kwa maandishi yake naona hajamaliza shule ya msingi, ameuliza mbona Fundi Saa, Mama Pacha na Babu wote wanasema jamani moyo wangu. Nikajibu kupitia Fundi Saa kwamba ni watu wa ukoo mmoja. Mtoto akauliza tena, mbona ukoo mzima unaandika wakati mmoja. Adabu zimekwisha duniani.

Basi nikaona niache mzaha. Nikamkabidhi Mama Pacha kazi ya maana. Akaeleza jinsi Kobe anavyolia kisimani. Pale Binti anapotaka kuizima taa, na Kobe anainamisha shingo juu ya maji, anamwambia, mjukuu wangu, mimi sikubebi kwa sababu una mwanga, nakubeba kwa sababu ni wewe. Ni maneno niliyoyasikia kupitia mlango wa kabati mpaka nayajua kuliko wimbo wa shule. Mume wangu alipoyasema mara ya kwanza nilishindwa kusoma zamu ya Binti. Alifungua mlango, koti limemkaa kichwani, tukalia wote wawili kama waliofiwa.

Nimeandika nikilia. Mama Pacha sijawahi kumwona akiandika vizuri hivyo. Bibi Miwani atajificha wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna kisima.

Nasema hakuna kisima katika filamu. Bibi Miwani ndiye aliyeuliza, kwa upole wake uleule, kisima kipi, maana yeye ameitazama filamu na mjukuu wake tangu jina la kwanza mpaka la mwisho na hajaona hata ndoo. Mashabiki wakaivamia filamu upya. Kweli. Kipande cha kisima kilikatwa kabla filamu haijatoka! Sasa ukurasa wote unauliza Mama Pacha ni nani, na ameona wapi kilichokatwa.

Nilikuwa sijui. Niandike ukweli, hii ni shajara yangu. Siku ile tulipokwenda ukumbini mimi sikutazama filamu. Nilimtazama yeye. Mwanga wa bluu ulimpiga shavuni, akawa anatafuna kidole kwa woga, nikaona dunia haina kitu kingine cha kutazamwa. Kila mtu alipocheka nilicheka. Nikadhani kisima kimepita.

Msimamizi wa sauti amemwita mume wangu. Watu wote wa studio waliahidi kwamba maneno ya filamu hayatatoka nje. Aliyeyatoa hafanyi tena kazi pale, Kobe au si Kobe.

Amerudi kabla ya jua kutua. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ameuliza kama mimi ni Mama Pacha. Nimesema hapana. Ameuliza kama ni Fundi Saa. Nimesema hapana. Amesema kisima kinajulikana na watu wawili hapa nyumbani, na mmoja wao alikuwa kabatini. Nikasema basi ndiyo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kimekatwa. Akasema alikusudia kuniambia mle ukumbini, palepale kilipopaswa kutokea, maana kilimuuma. Akanigeukia. Akakuta nimeshamgeukia mimi. Akaona aibu kunisumbua.

Ijumaa, 7 Machi

Amekwenda studio asubuhi, amemwambia msimamizi kwamba maneno yametokea nyumbani kwake na yeye ndiye wa kulaumiwa. Hakunitaja. Nilitaka nimtume Babu Mpenda Katuni akiri kwamba alipenya studio kupitia dirishani, lakini mume wangu amenishika mikono yote miwili, akaniomba, tafadhali mke wangu, Babu apumzike.

Leo hajasukutua. Hajaingia kabatini. Nimefungua mlango wa kabati, nimekaa ndani mwenyewe katikati ya makoti. Yananukia yeye. Hamna hewa kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Maajabu! Niandike taratibu.

Jana Bibi Miwani aliandika maoni marefu kuliko yote. Amewaambia mashabiki waache kumsaka mwizi. Mtu aliyesikia kilio kile, amesema, hakukiiba, alikipenda. Akasema hataki tena babu wa zamani. Anataka Kobe aliyelia kisimani, maana hapo ndipo hakuwa anaiga mtu. Akamalizia kwamba mwenye sauti hiyo atoke kabatini, afungue dirisha, amalize maneno yake kama alivyofundishwa kwao, na atakuwa Kobe wa kweli.

Kabatini! Amejuaje mambo ya kabati? Sijamwambia mtu yeyote chini ya jua isipokuwa mama mkwe. Mwanamke huyu ana mambo yake.

Mashabiki wakafuata. Wanataka kisima. Na msimamizi akampigia mume wangu leo asubuhi. Kosa limesamehewa, lakini lisirudiwe. Nafasi ya Kobe katika Sehemu ya Tatu haijapewa mtu. Mwisho wa mwezi mume wangu aende kusomea nafasi hiyo upya mbele ya msimamizi na wenzake, na aanze na kisima. Mume wangu alipoweka simu chini aliyasoma maoni ya Bibi Miwani, akayarudia, akacheka peke yake mpaka akafuta macho. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema hamna, ila nimpigie mama nimshukuru. Nimshukuru kwa lipi? Nikasema labda kwa malezi. Akasema naam, na kwa malezi pia.

Sasa hivi anafanya mazoezi sebuleni, dirisha wazi, majirani wote wanasikia. Anamaliza kila neno. Laazizi wangu! Nimeketi chini nikimsomea Binti na chozi linanidondoka kwenye karatasi.

Nimetafakari yote haya kwa kina. Fundisho liko wazi: Mama Pacha ndiye aliyemlegeza Bibi Miwani. Lakini mtu wa namna ile haaminiki, leo anasifu, kesho anageuka. Lazima tuwe na wetu mmoja mwenye umri, heshima na mjukuu wa kweli. Na yupo! Mama mkwe, maskini, ambaye sidhani hata anajua kufungua ukurasa. Nitamfungulia akaunti kwa mikono yangu, nitamchagulia jina zuri, nitamfundisha maneno ya kumjibu Bibi Miwani, moja baada ya jingine.

Nimempigia. Nimemwambia nina jambo kubwa la kumfundisha, la simu. Akakohoa kwa muda mrefu, akasema karibu mwanangu, na njoo na Babu wako pia. Sijui alikuwa na maana gani; mimi wala mume wangu hatuna babu aliye hai. Nimemwambia naja peke yangu, aandae miwani yake tu, na kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimeketi kando yake.